Maili ya Mwisho: Kuingia Bandarini na Kufunga Mtoni kwa Mashua Ndogo ya Tanga

Wanaoanza kusafiri kwa mashua ndogo ya tanga huniuliza zaidi kuhusu dhoruba na mawimbi makubwa. Huwajibu kwamba mashua iliyoundwa vizuri, yenye nahodha anayekubali kupunguza tanga mapema, hustahimili mengi maadamu ina kina cha kutosha chini yake na nafasi ya wazi kila upande. Mashaka huanza pale nchi kavu inapokaribia, maji yanapopungua kina na mkondo unapobanwa kati ya mafungu ya mchanga na kuta za gati. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa nikitembelea bandari za pwani na maegesho ya mitoni kwa mashua ya urefu wa mita 8, inayohitaji maji ya mita 1.2 ili ielee, karibu misukosuko yangu yote imetokea ndani ya maili moja ya mwisho. Nikiichunguza mmoja mmoja, naona kwamba mingi ilitokana na kosa lile lile la kufika kwa saa niliyoitaka mimi badala ya saa iliyofaa maji.

Kwa sababu hiyo, siku hizi hesabu ya safari huianzia mwisho. Kwanza nauliza ni saa ngapi mlango wa bandari au wa mto unaingilika kwa usalama, kisha narudi nyuma saa kwa saa mpaka nijue natakiwa kung'oa nanga lini huku nilipo. Jibu likiwa ni saa tisa za usiku, basi naondoka saa tisa za usiku, au nasubiri kesho.

Msingi wa hesabu hiyo ni kujaa na kupwa kwa maji. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kungine hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo maji yaliyokufaa leo asubuhi yatachelewa kesho kwa dakika kama 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huwa na nguvu kuliko kawaida; mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa kiasi kidogo. Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba maji hayapandi kwa kasi moja. Tuseme yanajaa kwa mita 3.6 katika saa sita: saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, ya tano 60, na ya mwisho 30. Mabaharia huikadiria hesabu hii kwa kugawa tofauti yote ya kujaa na kupwa katika sehemu kumi na mbili, wakihesabu moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Ni makadirio mazuri kwa pwani ya wazi, lakini usiyaegemee mtoni, kwa maana huko mara nyingi maji hujaa kwa haraka na kupwa polepole, na kadiri unavyopanda mto ndivyo saa ya kujaa inavyochelewa kuliko ile ya mlangoni.

Nilijifunza hesabu hiyo kwa mwili. Jioni moja ya bamvua tuliingia katika mto tusioufahamu maji yakiwa yamejaa kabisa, tukakuta pembe tulivu nyuma ya kona, kipima kina kikaonyesha mita 4, na tukatia nanga tukiwa tumechoka na tumeridhika. Sikuuliza ni mita ngapi zitakazoondoka. Usiku wa manane niliamshwa na kikombe kilichoteleza mezani na kuanguka, na nilipoweka mguu chini nikakuta sakafu imeinama kama paa. Tulikuwa tumepwelewa. Mashua ililala ubavu juu ya tope, na nilipomulika tochi nje niliona maji yamebaki kijito chembamba mita ishirini kutoka tulipo. Hatukuumia, na maji yalipojaa tena iliinuka yenyewe, lakini nilikaa saa kadhaa nikiwa nimeshikilia nguzo ya mlango, nikisikiliza mbao zikilalamika na nikiwaza kwamba kama chini pangekuwa na jiwe badala ya tope, tungekuwa tumetoboka. Tangu siku hiyo sitii nanga kabla ya kuandika kwenye karatasi namba mbili: kina cha sasa, na kina kitakachobaki maji yakipwa kabisa. Aidha, ogopa sana kukwama chini maji yakiwa kwenye kilele cha bamvua, kwa sababu kujaa kutakakofuata kutakuwa kwa kimo kidogo zaidi kila siku, na huenda ukasubiri karibu wiki mbili kabla ya maji kurudi kwenye kimo kile.

Ramani ya bahari husaidia sana ukiisoma kwa makini. Kina kilichoandikwa humo hupimwa kutoka usawa wa maji yaliyopwa sana, kwa hiyo mara nyingi utakuta maji mengi kuliko yaliyoandikwa. Namba iliyopigiwa mstari chini yake haielezi kina hata kidogo. Inaeleza kimo ambacho fungu au mwamba huo hujitokeza juu ya usawa huo maji yakipwa. Kwa madaraja hesabu hugeuka, kwa maana nafasi iliyoandikwa chini ya daraja hupimwa kutoka usawa wa maji yaliyojaa. Jua urefu wa mlingoti wako kutoka majini, pamoja na antena iliyo juu yake, na chini ya nyaya za umeme ongeza nafasi kubwa, kwa sababu umeme mkubwa unaweza kuruka hewani bila mlingoti kugusa waya.

Mahali ninapopaheshimu kuliko pote ni mlango wa mto wenye fungu la mchanga mbele yake. Maji yanapopwa, mto hutoka kwa kasi na kukutana na mawimbi yanayotoka baharini. Hapo mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika, hata siku ambayo bahari ya nje ni tulivu kiasi. Isitoshe, ukiwa nje baharini unayaona mawimbi hayo kwa mgongo, na mgongo wa wimbi linalovunjika huonekana laini, bila povu. Nimewahi kudanganyika hivyo. Niliona njia nyeupe kidogo tu, nikasonga, na wimbi la kwanza lilipoinua tezi, yaani nyuma ya mashua, usukani ukawa mwepesi mkononi kama haukushika maji, mashua ikageuka ubavu kabla sijatamka neno. Tuliokoka kwa sababu wimbi la pili lilikuwa dogo. Ushauri wangu ni kuingia saa moja au mbili kabla ya maji kujaa kabisa, wakati mkondo bado unaingia na kina kinaongezeka, na ukigusa mchanga maji yatakuinua. Ikiwa upepo mkali unavuma kuelekea nchi kavu, kaa nje. Ni vigumu kumwambia hivyo mwenzako aliyelowa na anayeiona bandari kwa macho, lakini usiku mmoja wa kwenda mrama ni bei ndogo.

Mlangoni penyewe utaongozwa na maboya, na hapa msafiri wa mbali aangalie, kwa kuwa dunia imegawanyika katika mifumo miwili. Katika Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, Japani, Korea na Ufilipino, boya jekundu huwa kulia kwako unapoingia kutoka baharini. Kwingineko kwingi huwa kushoto. Shika upande wa kulia wa njia, na usijidai kuwa tanga linakupa haki mbele ya meli kubwa, kwa sababu kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinakataza chombo cha tanga, na chombo chochote kilicho chini ya mita 20, kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya njia hiyo nyembamba. Kama kuna kina nje kidogo ya maboya, mimi hupita huko na kuwaachia wakubwa njia yao.

Kabla ya kuukaribia ukuta wa gati, andaa kila kitu ukiwa bado mahali penye nafasi: kamba mbili za omo (mbele ya mashua) na tezi, mbili za mshazari za kuzuia mashua isiende mbele na nyuma, na dafrao, yaani matakia ya kuzuia mashua isigonge ukuta, zilizoning'inizwa pande zote mbili, kwa kuwa upande uliouchagua waweza kubadilika dakika ya mwisho. Palipo na gati la kuelea kazi ni nyepesi, kwani hupanda na kushuka pamoja nawe. Ukuta wa mawe unadai fikira zaidi. Ukifunga kamba fupi maji yakiwa yamejaa, utaikuta mashua imening'inia, vishikizo viking'oka. Kwa hiyo zielekeze kamba mbali, mbele na nyuma, ziwe na urefu wa angalau mara tatu ya tofauti ya kujaa na kupwa. Ikiwa huna budi kujifunga ubavuni mwa chombo cha mtu mwingine, omba ruhusa, peleka kamba zako mwenyewe hadi nchi kavu badala ya kumtwisha uzito wako, hakikisha milingoti haikabiliani, na ukivuka kwenda gati pita omoni, si katikati ya makazi yake.

Mtoni, mtawala ni mkondo. Mashua yangu huenda maili 4 za bahari kwa saa. Mkondo wa maili 3 ukinipinga hubaki maili 1, na ukinisukuma nakwenda 7, kasi ambayo siiwezi kuisimamisha kwa urahisi. Kwa hiyo hupanda mto na maji yanayojaa na kushuka na yanayopwa. Kwenye kona, kina kikubwa kiko upande wa nje, ambako maji hukimbia kwa kasi, na upande wa ndani ndiko mchanga hujikusanya. Usikatize kona hata kama ndiyo njia fupi. Uliza pia habari za mvua huko juu. Mvua iliyonyesha mbali, wewe ukiwa na anga safi, yaweza kupandisha mto usiku na kuleta magogo yanayoelea nusu yamezama.

Kufunga mtoni nako kuna kanuni ambayo siivunji: omo ielekee mkondo. Maji yanayopita kando ya usukani hukupa uwezo wa kuongoza hata mashua ikiwa imesimama tuli mbele ya gati, na ukiupindisha kidogo tu mkondo utakusogeza taratibu kuelekea ubavuni. Kisha kamba ya kwanza kufungwa iwe ile ya omo inayoelekea juu ya mto. Siku moja mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alifunga ya tezi kwanza kwa sababu kigingi chake kilikuwa karibu. Kabla hajanyanyua kichwa mkondo ulikuwa umeingia kati ya omo na gati, ukaisukuma omo nje, na mashua yote ikazunguka ikitegemea kamba ile moja mpaka ikagonga chombo kilichofungwa nyuma yetu. Nilisikia kamba ikitoa mlio mwembamba, kisha mbao zikipasuka. Nilipaswa kumwambia mapema kamba ipi ni ya kwanza. Kosa lilikuwa langu. Tena mwambie kila uliye naye kwamba hakuna anayeruka kwenda gati, na hakuna anayeweka mkono au mguu kati ya mashua na ukuta. Kamba iliyozungushwa kwenye kigingi hushika uzito ambao mkono hauwezi.

Ukitaka kushika boya la kuegeshea, tazama kwanza jinsi mashua nyingine zenye umbo kama la kwako zilivyolala, kwa sababu hizo hukuonyesha ni upepo au mkondo unaotawala, nawe uingie ukielekea huko huko. Upepo ukivuma kinyume na mkondo, tua tanga kuu, uje polepole kwa tanga dogo la mbele ukipingana na maji, kisha ulitue hilo nalo ukiwa umekaribia. Boya usilolijua lina mnyororo usiouona, ambao huenda umelika, kwa hiyo uliza kabla ya kulala juu yake.

Kwa nanga, pima kina kitakachokuwepo maji yakijaa, ongeza kimo cha omo kutoka majini, kisha zidisha kwa tano kwa mnyororo au kwa saba kwa kamba. Maji ya mita 3 yatakayoongezeka mita 2, na omo ya mita 1, yanadai mita 30 za mnyororo. Baada ya hapo weka kiganja juu ya mnyororo: nanga iliyoshika huwa kimya, na inayoburutwa hutetemesha mkono kama mkokoteni juu ya kokoto. Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote. Na unapokwenda nchi kavu kwa kihori, vaa jaketi la kuokoa maisha, hasa usiku, kwani kihori kilichojaa watu na mizigo hupinduka kwa urahisi kuliko mashua yenyewe.

Wakati wa kuondoka kwenye gati la mtoni, mpangilio hugeuka. Fungua kwanza kamba za upande wa chini wa mto na acha ya omo inayoelekea juu ibaki mwisho, ikiwa imezungushwa kigingini na ncha yake kurudishwa ndani ya mashua, ili usihitaji kumwacha mtu nje. Omo ikianza kutengana na gati na maji yakipita pande zote mbili, achia ncha moja, vuta nyingine kwa haraka ili isinase kwenye rafadha (panga la injini linalosukuma mashua), na uikunje kamba mahali pake kabla ya kutweka tanga.