Ukuta wa Judith Baca ni wa Nani?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba ukuta mrefu wa michoro ulioko Los Angeles, Marekani, ni kazi ya Judith Baca, kisha nikasoma kwamba waliouchora ni mamia ya vijana. Kwa nini sifa apewe yeye? Na je, hana kazi nyingine? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Sifa anaistahili, ingawa si kwa sababu ya brashi. Mwaka 1974 wahandisi wa jeshi la Marekani walimwalika Baca, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Meksiko, apambe mfereji wa zege wa Tujunga, uliojengwa kuzuia mafuriko. Mwaka 1976 alianzisha SPARC, shirika la sanaa ya umma, pamoja na wenzake wawili, na uchoraji ukaanza. Kwa kuwa mfereji hupitisha maji wakati wa mvua, vijana hao, zaidi ya 400, walichora majira ya kiangazi tu, katika misimu mitano iliyokoma mwaka 1983, na ukuta ukafikia urefu wa mita 840 hivi.

Kabla ya rangi kugusa zege, wanahistoria na wazee walihojiwa, michoro midogo ikatayarishwa, ikagawanywa kwa miraba na kuhamishiwa ukutani. Kuiongoza kazi ya namna hiyo, na kuamua kwamba Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliofukuzwa nchini miaka ya 1930, Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mitaa iliyokatwa na barabara kuu visisahauliwe, ndiyo sanaa yenyewe, nami siioni kuwa ndogo kuliko kupaka rangi.

Kazi nyingine anazo. Mwaka 1977 alijifunza Meksiko, katika karakana ya marehemu Siqueiros, mchoraji mashuhuri wa kuta wa nchi hiyo. Kwa ajili ya Olimpiki ya 1984 alichora kando ya barabara kuu mwanamke akikata utepe wa mbio. Akabuni mnara wa kituo cha treni cha Baldwin Park, ambao maandishi yake yalizusha maandamano mwaka 2005, na tao la kumkumbuka César Chávez, mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani, katika Chuo Kikuu cha San José. Amefundisha chuo kikuu miaka mingi na kuingiza kompyuta katika uchoraji wa kuta. Ukuta wa Tujunga nao, ambao historia inayosimuliwa humo iliishia miaka ya 1950, unaendelezwa, na baadhi ya sehemu mpya zimechorwa mbele ya watazamaji katika jumba la makumbusho la LACMA.