Kwa nini fotoni ihifadhiwe kwenye mvuke wa rubidi
Umeuliza kwa nini mtandao wa kikwanta, unaobeba taarifa kwa fotoni (chembe za mwanga) mojamoja, usiongeze tu nguvu ya mwanga njiani, kama intaneti inavyofanya. Haiwezekani, kwa sababu kuongeza nguvu ni kunakili, na hali ya kikwanta isiyojulikana, yaani taarifa iliyobebwa na fotoni, hainakiliki. Na kwenye faiba nzuri (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), baada ya kilomita 100 hubaki takriban fotoni 1 kati ya 100. Kwa hiyo njia ndefu hugawanywa vipande, na kipande kilichofanikiwa mapema lazima kisubiri kingine. Hapo ndipo kumbukumbu, yaani kifaa cha kuihifadhi fotoni kwa muda, inapohitajika, na mvuke wa atomi za rubidi (aina ya metali) unaweza kufanya kazi hiyo.

Leza yenye nguvu, tofauti na mwanga wa fotoni yenyewe, huufanya mvuke upitishe mwanga ambao kwa kawaida ungeumeza. Fotoni ikishaingia hupungua kasi mno. Leza hiyo ikizimwa, hali ya fotoni huhamia kwenye spini (usumaku mdogo) za atomi nyingi kwa pamoja, wala huwezi kusema imo katika atomi ipi. Leza ikiwashwa tena, fotoni hutoka. Watafiti wa Harvard walionyesha hilo kwa fotoni mojamoja mwaka 2005.

Uzuri wake mkubwa, kwangu, ni kwamba kichupa cha kioo kilichopashwa moto kidogo kinatosha. Tatizo gumu ni kelele: leza yenyewe huzalisha fotoni zisizotakiwa.