Walinzi wa mfalme watazame wapi?

Mwalimu, umeuliza kama walinzi wa mfalme kwenye igizo la vijana wa parokia hapo Moshi wamtazame mfalme au watutazame sisi watazamaji. Watutazame sisi. Mlinzi anayemkodolea macho bosi wake halindi, anashangaa. Tena macho yawe kwenye mikono ya watu, maana kisu hakitoki usoni. Mmoja akae nyuma ya bega la mfalme, mikono mitupu. Ile mikuki ya mipini ya majembe mliyoipaka rangi ya fedha waachieni wa mlangoni.

Hata London iko hivyo: wale wa koti jekundu na kofia ya manyoya ya dubu ni wanajeshi kamili (wengi hudhani ni mapambo ya watalii), lakini anayeandamana na mfalme hatua kwa hatua ni polisi aliyevaa suti.

Ila mkiweza, mmoja wa walinzi wenu asiaminike. Roma ya kale, mwaka 41 BK, Kaizari Caligula aliuawa na maofisa wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi. Mwaka 193 kikosi hicho kikamuua Kaizari Pertinax, kisha kikanadi kiti cha enzi kama mitumba ya soko la Memorial. Didius Julianus akashinda mnada, akatawala kama miezi miwili, naye akauawa.

Kwenye Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, walinzi wa mfalme Duncan anayeuawa usingizini hata hawapigani. Wameleweshwa, wamelala, wanapakwa damu ili wasingiziwe. Yule kijana uliyesema anasinzia mazoezini, mpe nafasi ya namna hiyo.