Nikiwanyoa paka, mke wangu atapona?

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Kibirizi, Kigoma, nafanya biashara ya dagaa na mahindi. Stoo imeungana na nyumba, na nimefuga paka wawili kwa ajili ya panya. Mwaka jana nilioa. Tangu mke wangu aingie hapa ni chafya, macho kuwasha na mafua yasiyokatika. Alipokwenda kwao Urambo wiki mbili, kimya. Aliporudi, siku ya pili tu yakaanza upya. Mama anasema ni manyoya ya paka. Nikiwanyoa atapona? Kuwatoa siwezi, panya watanimaliza.

Jibu: Marahaba kaka. Waache na manyoya yao. Kinachomsumbua mkeo ni protini iliyomo kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake; wataalamu wanaiita Fel d 1. Paka akijilamba anajipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka. Chembe zake nyingine ni ndogo mno, zinaelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye kuta, mapazia na nguo, ndiyo maana mtu hupiga chafya kwenye chumba ambacho paka katoka tangu asubuhi. Hata paka wa aina zile zisizo na manyoya wanayo. Kumwogesha nako kunasaidia siku mbili hivi, kisha hali inarudi palepale, na wewe umebaki na mikwaruzo.

Safari ya Urambo ni ushahidi mzuri, ila kumbuka kule alilalia godoro jingine pia. Utitiri wa vumbi, yaani vijidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye magodoro, na mende huleta dalili hizi hizi.

Kuna jambo hukulisema, nami ndilo linalonipa wasiwasi: kifua chake kikoje? Kama usiku anaamka akikohoa, kifua kinabana au kinapiga mluzi, hiyo huenda ni pumu. Mpeleke hospitali, Maweni au kituo kilicho karibu, apimwe. Piriton haitibu pumu, inamlaza tu. Ikithibitika kuwa paka ndio wanaoichochea, hapo siwatetei tena: watafutie mji mwingine, mahindi yaingie kwenye mapipa yenye mifuniko, panya uwatege. Wala usitegemee nafuu kesho yake. Mabaki ya paka hukaa ndani ya nyumba miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi.

Kama ni pua na macho tu, mnaweza kuishi wote. Paka kazi yao iko stoo, basi wakae stoo, na chumba cha kulala kiwe mwiko kwao usiku na mchana. Kufunga mlango peke yake hakutoshi. Nyumba nyingi za kwetu hazina silingibodi, ukuta unaishia chini ya kenchi. Hewa inapita juu, na paka naye anapita juu. Ziba hapo, hata kwa turubai, lakini dirisha la nje liachwe wazi hewa itembee. Mlango wa kati ya stoo na sebule nao ufungwe.

Godoro livishwe kava la nailoni. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Chandarua msikichemshe! Paka hupenda sana kulala juu yake, kwa hiyo kinahitaji kufuliwa, ila kile chenye dawa hufuliwa kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, kisha kinaanikwa kivulini, tena isizidi mara moja kwa miezi mitatu. Ndani mdeki kwa maji. Ufagio mkavu unarusha tu vumbi. Na wewe, ukitoka kuwashika paka, nawa na ubadilishe shati kabla ya kwenda kulala. Waume wengi husahau kwamba wao ndio wanaombeba paka hadi kitandani.

Kama paka wako ni madume, wahasi. Dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo kwa wingi zaidi. Muulize daktari wa mifugo wa halmashauri.

Kwa dawa, cetirizine ya miligramu 10 mara moja kwa siku, jioni, hupunguza chafya na muwasho. Pua ikibaki imeziba, ipo dawa ya kupuliza yenye steroidi. Hiyo hutumika kila siku, na nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa, kwa hiyo asiitupe siku ya pili. Na kwa kuwa mna mwaka tu wa ndoa: kama ana mimba au anahisi anayo, amwambie mfamasia kabla ya kumeza chochote.