Ukiambiwa uandike kuhusu wewe na kwenu

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, Dar es Salaam, tulipewa kazi ya kurasa tatu: wewe na utamaduni wako. Niliimaliza usiku mmoja. "Wachaga ni kabila linalopatikana mkoani Kilimanjaro. Hulima kahawa na migomba." Karatasi ikarudi na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Wewe uko wapi?"

Liliniuma. Shuleni tulifundishwa utangulizi, kiini na hitimisho; "mimi" tuliiacha kwenye barua za kirafiki.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani Marangu. Mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, na cha baba mkubwa umepandwa masale, mimea ya majani marefu, na tangu utotoni nilikuwa nayapita tu. Safari hii nikamwuliza bibi. Akachuma jani moja, refu, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Baba yako na kaka yake walipogombania maji ya mfereji, hili ndilo lililoletwa mlangoni. Ukiletewa isale kuombwa radhi, unamfukuzaje mtu?"

Insha ya pili nikaianzia kwenye lile jani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianze na kabila zima. Hulijui lote, na hakuna anayelijua. Anza na kitu unachoweza kukishika, kisha mtaje aliyekupa na maneno aliyoyasema. Maelezo yaje pale tu msomaji wa Lindi au Pemba atakapokwama. Kihamba nilikieleza kwa sentensi moja: shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lenye migomba na kahawa, na ndimo tunamozikana. Ilitosha.

Usilofahamu nalo liandike. Mimi Kivunjo, Kichaga cha kwetu, nakisikia lakini kukizungumza kunanishinda, na bibi hunijibu kwa Kiswahili ili nisiaibike. Niliogopa kuliweka hilo, nikidhani litanipunguzia haki ya kusema "kwetu". Kumbe ndiyo aya niliyoiandika kwa moyo kuliko zote.

Jambo moja sitaki ulipuuze: ugomvi wa nyumbani si mali yako peke yako. Kabla sijakusanya kazi nilimpigia simu baba mkubwa, nikamsomea yote. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Andika," akasema. "Ila usisahau kusema ni mimi niliyelileta lile jani."

Nikaongeza sentensi hiyo.