Maswali ya Wasomaji: Mashine ipi ya kufyekea majani?

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 Iyumbu, Dodoma, na nyumba imechukua nusu. Mvua zikishika, ikifika Februari majani yananifika kiunoni, na chini kuna kokoto na vipande vya tofali vilivyobaki wakati wa ujenzi. Dukani wananisukumia mashine ya begani ya cc 52, wanasema ndiyo yenye nguvu. Niichukue? – Msomaji, Iyumbu

Jibu: Usiichukue. Nguvu ya injini iangalie mwisho; kwanza angalia kinachoota na ardhi kinapoota. Eneo lako la kufyeka ni kama mita za mraba 300, na majani yake ni ya msimu mmoja wa mvua. Injini ya cc 26 hadi 35 inayamaliza vizuri. Cc 52 ni ya mashamba na vichaka. Kwako itakunywea petroli bure na kukulemea begani, na mtu akishachoka hawezi tena kuongoza kisu. Chini ya cc 26 nako usishuke, kwa sababu Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo injini ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake.

Mashine ya kusukuma, ile ya matairi manne, iache kabisa. Imetengenezwa kwa bustani iliyosawazishwa yenye nyasi fupi. Kwenye majani marefu inasongwa na kuzima, na kisu chake kikigonga tofali kinaweza kupinda shafti ya injini. Hapo gharama ya fundi inakaribia bei ya mashine nyingine.

Sasa kinachokata. Mashine ya begani hufungwa uzi wa nailoni au kisu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea: wanafunga kisu siku ya kwanza na hawakitoi tena. Penye kokoto na kando ya ukuta tumia uzi. Ukigonga jiwe unakatika wenyewe, unavuta mwingine, kazi inaendelea. Kwa injini ya cc 26 chukua uzi wa milimita 2.4; wa milimita 3 unailemea. Kisu cha meno matatu ni cha magugu yaliyokomaa na nyasi ngumu, mahali ulikokwisha kuokota mawe. Kisu cha duara chenye meno mengi ni cha vichaka vyenye shina kama kidole gumba. Kisu kilichopata ufa hakichomelewi. Kitupe siku hiyo hiyo, kwa sababu kikipasuka kikiwa kwenye mwendo, kipande chake kinaweza kuua.

Usingoje majani yafike kiunoni. Yapige yakiwa magotini. Ukichelewa, kata kwa awamu mbili: juu kwanza, kisha chini. Mashine nyingi za begani kisu chake huzunguka kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu, kwa hiyo fyeka kutoka kulia kwenda kushoto ili majani yaangukie ulikokwisha kukata. Ubavu wa mbele kulia wa kisu usiuguse kwenye shina gumu. Ndipo mashine huruka na kumvuta mtu. Vaa miwani ya kazi, buti na suruali nzito, na watoto wakae mita 15 mbali. Siku ya kubadilisha kisu, kumbuka kuwa nati yake kwa kawaida hufunguka kinyume na nati nyingine: inalegea ukiizungusha kufuata saa. Wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua.

Kwa mbigili, usiutegemee uzi. Mmea wake hutambaa chini, na mashine inapita juu yake. Ung'oe kwa jembe unapoanza kutoa maua ya njano, kabla miba haijakomaa.

Swali: Mashine yangu ya oili ya kuchanganya imekwama baada ya wiki mbili tu. Fundi anasema pistoni imekwaruzika. Ni feki? – Msomaji, Kizota

Jibu: Muombe fundi akuonyeshe mikwaruzo iko upande gani. Ikiwa upande wa ekzosi, ni joto au upungufu wa oili. Ikiwa upande wa kabureta, vumbi limeingia.

Oili ipimwe. Kitabu kikiandika 25:1, weka mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Kikiandika 50:1, mililita 20. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linapima vizuri kuliko kizibo chochote. Changanya ndani ya dumu, tikisa, ndipo ujaze tangi. Oili ya injini ya bodaboda haifai, kwa sababu haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Kwa vumbi letu, sponji la chujio la hewa lioshwe kwa maji ya sabuni kila baada ya siku ya kazi, likaushwe, litiwe matone ya oili na kukamuliwa. Toa pia majani yaliyonasa kwenye mapezi ya silinda. Yanazuia hewa ya kupoza.

Kama nyumbani mashine inashikwa na watu wengi, mara nyingine nunua ya stroki nne. Oili yake inakaa peke yake, na hakuna wa kukosea kuchanganya.

Swali: Mashine ya begani naweza kuitumia kati ya mizabibu? – Msomaji, Hombolo

Jibu: Katikati ya mistari, ndiyo. Kwenye shina, hapana. Uzi unaotuonekea laini huchubua gome la mzabibu, na gome likichubuka kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula na mti unakauka. Acha sentimita 30 kila upande wa shina uzipalilie kwa jembe la mkono. Angalia pia mipira ya matone kama unamwagilia: uinue na kuifunga kwenye waya kabla ya kuwasha mashine, kwa kuwa uzi huikata bila wewe kusikia, na utagundua siku ya maji.