Mbio za mashua za kuchangia vita dhidi ya saratani ya damu: pesa haitoki majini

Mkuu, umeuliza mambo mawili kuhusu Leukemia Cup ya Marekani: pesa inatoka wapi wakati ada ya kushiriki ni ndogo, na mashua nzito inashindanaje na nyepesi.

Ada inalipia maboya, boti la waamuzi na chakula cha jioni, ikibaki ni chenji. Wanaoleta mchango ni mabaharia. Kila nahodha anafungua ukurasa wa michango mtandaoni na kuwagawia wenzake malengo: watu sita wakileta dola 250 kila mmoja, una 1,500 kabla tanga halijapandishwa. Ndiyo maana anayekusanya nyingi anatuzwa kama anayemaliza wa kwanza. Uso wa mbio hizi ni Gary Jobson, mpanga mbinu wa mashua Courageous iliyoshinda America's Cup, shindano maarufu la matanga, mwaka 1977, ambaye baadaye naye aliugua limfoma, aina ya saratani ya damu. Kinachoua michango ni kuchelewa. Ukurasa ufunguliwe miezi mitatu kabla, na nahodha achange wa kwanza, kwa sababu ukurasa unaosoma sifuri haumshawishi mtu.

Risiti nazo huwaponza wengi. Kwa sheria ya kodi ya huko, mchango wa dola 250 au zaidi unahitaji hati ya maandishi ili mtoaji apate nafuu ya kodi. Akilipa zaidi ya dola 75 na kupewa kitu, lazima aelezwe thamani ya kitu hicho: kiti cha dola 200 chenye chakula cha 60, mchango ni 140. Tiketi ya bahati nasibu si mchango kabisa. Yaandikwe kwenye fomu ya usajili, maana baada ya karamu hakuna anayekumbuka alikula nini.

Sasa majini. Mashua hupewa namba ya PHRF, yaani sekunde za nafuu kwa kila maili ya baharini. Namba ikiwa kubwa, mashua ni ya polepole. Kwa mbio za hisani, mimi nashikilia mtindo wa kufukuzana: wa polepole anatangulia, na wa kwanza kuvuka mwisho ndiye mshindi. Zidisha tofauti ya namba kwa maili, upate sekunde za kutangulia. Mashua ya 180 na ya 90 kwenye maili 8: 90 × 8 ni sekunde 720, dakika 12. Mstari wa kuanzia hausongamani, jambo la maana pale ambapo nusu ya washiriki hawajawahi kushindana.

Ubaya wake ni upepo ukifa. Mwamuzi akikatisha njia kwenye maili ya 5, nafuu ya haki ilikuwa sekunde 450, na yule wa 180 ameshaondoka na 720. Dakika nne na nusu za bure! Kwa hiyo tayarisha ratiba mbili za kuanza, ya maili 5 na ya 8, uchague moja kabla mashua ya kwanza haijaondoka. Ukisitasita, chukua fupi.

Wenye spinaka, lile tanga kubwa la mbele la kwenda na upepo, watenge kundi lao. Bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, isiwe ndefu, wageni hutapika. Na bendera Y ipande mapema, hata bahari ikiwa shwari: ikipanda, kila mtu avae jaketi la kuokolea.